Jinsi ya kutafuta hitilafu katika sabufa na amplifaya ya gari

Sabufa ikinyamaza au ikianza kukatakata sauti, wengi hukimbilia kununua amplifaya mpya, ilhali mara nyingi kosa liko kwenye nyaya. Mimi mwenyewe niliwahi kubadilisha amplifaya nzima, na ile mpya nayo ikawa inazima kila besi inapopanda, mpaka siku nilipofungua boliti ya waya wa ethi chini ya zulia la buti nikakuta rangi ya gari ingali imekaa pale pale, bati halijakwanguliwa hata kidogo. Kipande cha msasa kilitosha kumaliza tatizo. Tangu hapo sibadilishi kifaa chochote kabla ya kupima kwa multimita, kile kifaa cha kupimia umeme.

Ikiwa amplifaya haiwaki kabisa, washa redio, gusisha ncha nyeusi ya multimita kwenye kiungio cha ethi cha amplifaya na ncha nyekundu kwenye kiungio cha umeme mkuu. Injini ikiwa imezimwa, betri iliyojaa husoma takriban volti 12.6, injini ikiwaka, kipimo hupanda hadi kati ya 13.5 na 14.5. Umeme usipofika, kagua fyuzi iliyo karibu na betri, kisha zile za kwenye amplifaya, na uzipime badala ya kuzitazama tu, kwa sababu uzi wa fyuzi unaweza kukatika mahali jicho halioni. Fyuzi iliyoungua isibadilishwe kwa kubwa zaidi, maana kazi yake ni kuzuia waya usishike moto. Umeme mkuu ukiwapo, pima waya wa rimoti, yaani ule mwembamba unaotoka kwenye redio kuiamuru amplifaya iwake: nao unapaswa kusoma karibu volti 12.

Amplifaya inayowaka kisha ikazima besi inapopanda ndiyo inayosumbua watu zaidi. Piga muziki wenye besi nzito, kisha linganisha volti za kwenye betri na za kwenye amplifaya. Betri ikibaki na 13.8 huku amplifaya ikisoma 11, basi karibu volti 3 zinapotelea njiani. Ili kujua zinapotelea upande gani, muziki ukiendelea, weka ncha moja kwenye ethi ya amplifaya na nyingine kwenye nguzo hasi ya betri. Ukisoma nusu volti au zaidi, ishughulikie ethi kwanza. Waya wake usizidi nusu mita, uwe mnene sawa na ule wa umeme mkuu, na ukazwe kwenye bati tupu la bodi. Volti zikishuka kwa pamoja pande zote mbili, mtuhumiwa ni betri au altaneta.

Taa nyekundu ya ulinzi ikiwaka, zima mfumo, chomoa nyaya za spika, halafu washa tena. Taa ikitoweka, kosa liko kwenye sabufa au nyaya zake; ikibaki hata baada ya kuchomoa nyaya za RCA, yaani zile zinazoleta sauti kutoka kwenye redio, amplifaya imeharibika ndani na ipelekwe kwa fundi wa elektroniki. Sabufa ikiwa imechomolewa, pima ukinzani wa koili yake, yaani waya uliozungushwa unaosukuma koni: ya omu 4 husoma pungufu kidogo, kama 3.2 hadi 3.8. Isiposoma chochote, koili imekatika. Kisha tandaza vidole na usukume koni polepole ndani na nje. Ukisikia mkwaruzo kama wa mchanga, huenda koili imeungua au imekaa upande. Kumbuka pia kwamba sabufa mbili za omu 4 zikiungwa sambamba huwa omu 2, mzigo ambao amplifaya nyingi haziuruhusu zikiwa zimeunganishwa kwa daraja, yaani njia zake mbili za sauti zikifanywa moja.

Besi ikiwa dhaifu ingawa kila kitu kinawaka, shuku sabufa mbili zinazopingana, moja ikisukuma hewa wakati nyingine inaivuta. Zichomoe, kisha gusisha betri ndogo ya volti 1.5, chanya kwa chanya: koni ya kila moja inapaswa kutokeza nje.

Sauti inayokwaruza besi inapopanda mara nyingi husababishwa na geini, yaani kirekebisho cha amplifaya cha kuilinganisha na sauti inayotoka kwenye redio, ambayo watu huigeuza kama kitufe cha sauti. Zidisha wati za amplifaya kwa omu za sabufa, kisha tafuta kipeuo cha pili cha jibu: wati 300 kwa omu 4 hutoa takriban volti 34.6. Chomoa sabufa, ondoa nyongeza zote za besi, weka sauti ya redio kwenye robo tatu, piga mlio wa majaribio wa Hz 50, kisha pandisha geini taratibu hadi multimita iliyowekwa kwenye volti za AC, ncha zake zikigusa viungio vya spika vya amplifaya, isome kiasi hicho, na uiache hapo.