Jinsi ya kufuatilia kipimo cha PSA baada ya tiba ya saratani ya tezi dume

Karatasi nyingi za majibu ya PSA (protini ya tezi dume inayopimwa kwenye damu) huonyesha pembeni kiwango cha kawaida cha 0 hadi 4. Kiwango hicho ni cha mwanaume ambaye tezi yake haijatibiwa. Mzee aliyeondolewa tezi yote akipata 1.3, karatasi itasema yuko sawa na familia itarudi nyumbani imefurahi, kumbe jibu hilo lilitakiwa kumrudisha kwa daktari mapema. Safu hiyo ya "kawaida" iache.

Hatua ya 1: Andaa daftari

Kaunta buku moja inatosha. Chora safu za tarehe ya kutolewa damu (siyo ya kupokea majibu), maabara, jibu, dawa za homoni, na mengineyo. Nakili jibu kama lilivyo, pamoja na alama ya <. "<0.1" maana yake kiasi kilichopo ni kidogo kuliko mashine inavyoweza kupima, ukiandika 0.1 tu, umeandika jibu jingine. Angalia nukta vizuri. Kati ya 0.02 na 0.2 tofauti ni mara kumi, na ni rahisi kukosea ukisomewa majibu kwa simu, kwa hiyo omba utumiwe picha ya karatasi. Vizio vya ng/mL na µg/L hutoa namba ile ile, usipige hesabu yoyote.

Hatua ya 2: Juu ya ukurasa andika aina ya tiba

*Upasuaji wa kuondoa tezi yote.* PSA iliyobaki kwenye damu hupungua kwa nusu kila siku 2 hadi 3, kwa hiyo kipimo cha kwanza hufanywa wiki ya 6 hadi ya 8. Ukiwahi wiki ya pili, unaweza kupima mabaki na kujitia hofu bure. Jibu linalotarajiwa ni chini ya 0.1. Likifika 0.2 au zaidi, na kipimo cha pili kikathibitisha, daktari huhesabu kwamba ugonjwa umerudi.

*Mionzi.* Hapa tezi bado ipo, na PSA hushuka polepole, pengine kwa mwaka mmoja na nusu au zaidi. Tafuta jibu la chini kabisa, ulizungushie duara. Mpaka wa hatari ni namba hiyo kuongeza 2: kama ya chini ni 0.4, mpaka ni 2.4. Katika miaka ya mwanzo PSA inaweza kupanda kidogo kisha ikashuka yenyewe.

*Sindano za homoni.* Andika tarehe ya kila sindano na dozi yake, mfano goserelin 10.8 mg ya miezi 3. PSA ya chini wakati dawa inafanya kazi haisemi itakuwaje dawa ikiisha.

Hatua ya 3: Maabara ile ile

Maabara moja ikiandika "<0.1" na nyingine 0.06, hakuna kilichopanda. Mashine ya pili inaona vidogo zaidi. Ukilazimika kuhama, piga mstari daftarini na uanze mfululizo mpya.

Hatua ya 4: Kabla ya kutoa damu

Kwa mwenye tezi: asimwage manii wala kuendesha baiskeli siku 2 kabla. Akiwa na UTI au amewekewa mpira wa mkojo hivi karibuni, mwambie daktari, kipimo kinaweza kuahirishwa. Finasteride, dawa ya kupunguza tezi iliyokua, hushusha PSA karibu nusu. Vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini huvuruga baadhi ya mashine, vitaje maabara.

Hatua ya 5: Jibu likipanda

Usibadilishe dawa. Rudia kipimo maabara ile ile kwa muda atakaopanga daktari, kisha angalia kasi. Kutoka 0.2 hadi 0.4 kwa miezi 6 ni jambo la haraka kuliko kupanda huko huko kwa miezi 18. Jibu moja halikuonyeshi kasi. Yakifika matatu, daktari ana cha kuhesabu. Mpelekee daftari lote, siyo karatasi ya mwisho peke yake.

Mzee akipata maumivu mapya ya mgongo, miguu ikalegea au mkojo ukagoma, usisubiri PSA. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo na useme wazi kwamba aliwahi kutibiwa saratani ya tezi dume, maana uti wa mgongo unaweza kuwa umebanwa.