Kampuni zikija chuoni kutafuta wahitimu: nilivyomwandaa mdogo wangu kwa usaili

Mwezi uliopita mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, anayemaliza uhasibu hapa Dar es Salaam, alinipigia saa tano usiku. "Kaka, wale waliokuja chuoni wameniita. Naanzia wapi?" Aliacha CV mezani kwao akasahau kabisa. Mimi ni mkaguzi wa hesabu, niliingia kazini kwa mlango huohuo, na siku hizi mara mojamoja nawekwa kwenye jopo la wasaili. Tulifanya hivi.

Hatua ya 1: Karatasi

CV ukurasa mmoja, PDF. Andika GPA, kampuni nyingi hukata kwenye 3.5, daraja la pili la juu. Namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, iwe tayari. Mengine unayajua.

Hatua ya 2: Jaribio la mtandaoni

Ni asilimia, uwiano na kusoma majedwali, na muda hautoshi. Tumia kikokotoo cha mezani. Ukitumia cha simu, mtu akipiga katikati ya swali umelipoteza. Usitegemee bando lako bwenini. Nenda penye intaneti ya uhakika.

Hatua ya 3: Visa vitano

Hapa ndipo nilipoangukia mimi. Usaili wangu wa kwanza niliuendea kama wa Sekretarieti ya Ajira, wa kazi za serikali: nimekariri maana ya kila istilahi, nimekariri na dira ya kampuni. Wakaniuliza, "Tueleze siku uliyotofautiana na mwenzako kwenye kazi ya kikundi." Nikajibu: tulikaa, tukajadili, tukaelewana. "Wewe ulifanya nini?" Nikasema tuligawana sura. Msaili akauliza tena. Mara ya tatu alitabasamu, akafunga kalamu. Sikuitwa tena.

Leo najua alichokuwa anatafuta. Msaili ana fomu, na kila sifa ina alama zake. Fomu ina jina lako peke yako juu. Sisi tumelelewa kwamba kujisema ni majivuno, kwa hiyo "tu-" inatutoka yenyewe, hata kwa Kiingereza, na "tu-" haina pa kujazwa kwenye ile fomu. Wenzako wataje, sema walichofanya, kisha sema "mimi nilifanya hiki". Na kama kwenye kikundi hicho wewe ulikuwa yule wa kuandikwa jina tu, tafuta kisa kingine.

Chukua daftari (la karatasi, tafadhali, ukiandika kwenye simu utaishia kunakili ya YouTube). Chora safu nne: hali ilivyokuwa, jukumu langu, nilichofanya, kilichotokea. Safu ya tatu iwe ndefu kuliko zote. Jaza visa vitano: mgogoro, kosa lako, muda mfinyu, kuongoza, kujifunza kitu kigeni haraka. Kisa kimoja kizuri hujibu maswali matatu.

Mdogo wangu aliapa hana visa. Nikamuuliza kuhusu fildi, yale mafunzo ya vitendo ya chuo. Alikuwa halmashauri, wiki nane. "Tuligundua hati za malipo hazilingani na daftari." Nani? Kimya. Kumbe ni yeye aliyekaa stoo siku mbili akizipanga kwa namba, akaona 14 hazipo, akamfuata msimamizi wake. Alitaka kuyatupa yote hayo ndani ya "tuligundua"!

Kisha simulia kwa Kiswahili kwanza, kwa mtu asiyejua fani yako. Yeye alimsimulia mama mdogo akichambua mchele. Mama mdogo akauliza, "Sasa mbona hukumwambia mhasibu mwenyewe?" Swali hilohilo jopo lilimuuliza. Kikieleweka jikoni, ndipo ukihamishie kwenye Kiingereza, maana usaili wenyewe mara nyingi ni kwa Kiingereza.

Tahadhari. Usikariri neno kwa neno, ukikatizwa utapotea. Kosa liwe kosa kweli, si "mimi napenda sana kazi iwe kamilifu", tumeichoka. Na ficha jina la ofisi ya fildi na la mtu yeyote. Mkaguzi anayemwaga siri za watu kwenye usaili, mimi namkata alama hapohapo.

Hatua ya 4: Video ya kujirekodi

Ukitakiwa kujirekodi ukijibu maswali: simu juu ya vitabu, dirisha likiwa mbele yako. Earphone za waya. Zile zisizo na waya huisha chaji kwa wakati mbaya. Tazama kamera, usijitazame mwenyewe.

Hatua ya 5: Siku yenyewe

Kwenye majadiliano ya kikundi, wote wameambiwa wajitolee kutunza muda, kwa hiyo watatu watagombea saa. Waachie. Soma takwimu mlizopewa, uwe wa kwanza kuzitumia. Nguo zipigwe pasi, zinatosha. Suti ya kuazima mabega yake hukusema.

Mshahara wa wanaoanza huwa umeshapangwa, usiubishanie. Uliza kama wanalipia mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu, hapo pana hela zaidi kuliko unavyofikiri.

Mdogo wangu bado anasubiri jibu. Jana ameniuliza kama awapigie. Nimemwambia wiki mbili zinatimia Ijumaa, aandike barua pepe ya mistari mitatu, simu aiache.