Jinsi ya kukizoea kitenzi "get" bila kukariri orodha ya maana zake

Ninafundisha Kiingereza kwa watu wazima, na karibu kila kundi huniuliza swali lile lile: "get" maana yake nini hasa? Wameshafungua kamusi, wamekuta safu ndefu ya maana, wakakata tamaa. Siwaongezei orodha nyingine. Ninawaambia wasikikodolee macho kitenzi chenyewe, bali waangalie kinachokifuata, kwa kuwa mara nyingi hicho ndicho kinachoamua maana.

Anza na nomino. Kikifuatwa na jina la kitu, "get" hukaribiana sana na "pata" yetu. "I got a letter", nilipata barua. "She got a job", alipata kazi. Hata ugonjwa: "he got malaria", alipata malaria. Angalia tu kama kuna mtu anayetumwa. "Get me a chair" maana yake nenda ukachukue kiti uniletee, na kisawe chake ni "fetch". Mtu akikuonyesha viatu vipya akasema "I got these yesterday", kwa kawaida anamaanisha amevinunua.

Kikifuatwa na kivumishi, mambo hubadilika, na hapa ndipo ninapokaa muda mrefu kuliko pengine popote. "Get" sasa ni kuingia katika hali fulani, na kisawe chake ni "become". Kiswahili hakihitaji maneno mawili kwa jambo hili: "get tired" ni kuchoka, "get angry" ni kukasirika, "get wet" ni kulowa, "get lost" ni kupotea, "get old" ni kuzeeka. Badiliko lote limo ndani ya kitenzi kimoja. Kwa hiyo msemaji wa Kiswahili hutafuta kitenzi kimoja cha Kiingereza, na akikikosa hukimbilia "I am tired" kila mara. Sentensi hiyo ni sahihi, lakini inasema hali iliyokwisha kuwapo. Ukitaka kusema uchovu ndio unaanza kukuingia, sema "I am getting tired". Fanya zoezi hili: andika vitenzi vyetu vya namna hiyo, kama kulewa, kuugua, kupona, kunenepa na kuzoea, kisha tafuta kivumishi cha Kiingereza kinachoandamana na "get" kwa kila kimoja. Kuzoea, kwa mfano, ni "get used to".

Visawe vya maana hii vina tabia zake, na mimi huzipenda sana. "Grow" hufaa badiliko la polepole, kama "grow old". "Turn" hupenda rangi na hali ya hewa: majani "turn yellow", hewa "turns cold". "Go" mara nyingi huelekea kwenye kuharibika au kupoteza: maziwa "goes bad", mtu "goes blind". "Fall" ina maneno machache tu, kama "fall ill" na "fall asleep". Hakuna asemaye "get asleep", kwa hiyo kariri "fall asleep" kama kifungu kimoja.

Mahali pakifuata, "get" ni kufika: "we got to the station". Hapa chunga vihusishi, maana kila kisawe kina chake. Ni "get to the station", ni "arrive at the station", na ni "reach the station" bila kihusishi chochote. "Arrive to" na "reach at" ninazisahihisha kila wiki. Mbele ya "home", "here" na "there", "to" huondoka: "I got home late."

Kuna miundo miwili ambayo Kiswahili hukupa ufunguo wake. "I got him to sign" ni nilimshawishi atie saini, kisawe "persuade", ingawa kwa injini iliyogoma kuwaka utasema "I couldn't get it to start", kwani mashine haishawishiwi. Na "I got my hair cut" ni nilinyolewa. Ukisema "I cut my hair", msikilizaji anaweza kudhani umeshika mkasi mwenyewe. Pia kuna kutendwa: "he got fired", alifukuzwa kazi. Ni lugha ya mazungumzo. Kwenye ripoti andika "was fired" au "was dismissed".

"Get to see" wala isikusumbue. Ni kupata kuona, neno kwa neno, na ndani yake mna bahati au nafasi, kama ilivyo kwetu. "I get it" nayo ni nimeelewa, nimekupata.

Sasa, lini uache "get" na utumie kisawe? Historia inasaidia. "Get" kiliingia Kiingereza kutoka kwa Waskandinavia waliohamia Uingereza, kikawa neno la kila siku. "Receive", "obtain" na "acquire" zina asili ya Kilatini, na maneno mengi ya aina hiyo yaliingia kwa njia ya Kifaransa baada ya Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, kuiteka Uingereza mwaka 1066, yakawa lugha ya wakubwa, mahakama na nyaraka. Mpaka leo yana sauti rasmi.

Lakini usibadilishe kiholela. "Receive" ni kitu kinakujia: barua, zawadi, habari. "Obtain" ina juhudi au utaratibu: kibali, viza, ushahidi. "Acquire" huchukua muda au mali: ujuzi, ardhi, kampuni. "Gain" huongeza ulichonacho, kama uzoefu au uzito. "Earn" lazima uwe umeitolea jasho, iwe mshahara au heshima. Ndiyo maana "I obtained your message" husikika vibaya hata kama sarufi yake haina kosa: ujumbe ulikujia wenyewe. Ukiandika barua ya kazi, pitia kila "get" na ujiulize kitu hicho kilikufikiaje. Jibu ndilo litakalokuchagulia kisawe.

Mwisho ni "got" na "gotten". Waingereza husema "I've got a car" kwa maana ya nina gari, na "it has got colder" kwa maana ya baridi imeongezeka. Wamarekani hutenganisha: "I've got a car" ni kumiliki, "it has gotten colder" ni kubadilika. "I've got to go", lazima niende, ni ile ile pande zote mbili. Chagua upande mmoja na ubaki nao katika andiko lote.