Somo: Jinsi ya kupima muda wa kazi na kusawazisha laini ya uzalishaji ukiwa fildi

Wadogo zangu mnaosoma teknolojia ya uzalishaji viwandani, msimu wa fildi ukikaribia swali huwa ni lile lile: nikafanye nini karakanani ili ripoti yangu iwe na uzito? Wengi huenda wakafagia, wakashikiria vyuma, wakanakili historia ya kiwanda, wakarudi. Chuoni tunapenda sana mashine. Lakini uzalishaji ni mtiririko, na mtiririko unapimwa kwa saa. Zoezi hili halihitaji kifaa zaidi ya simu, daftari na kalamu.

Mfano wangu ni karakana ya madawati ya shule niliyofanyia fildi. Namba nimezirahisisha ili hesabu ifuatike.

Hatua ya 1: Zungumza na mafundi kwanza

Msiiruke hii. Siku yangu ya pili nilisimama nyuma ya fundi wa kuchomelea, nikawasha saa ya simu bila kusema neno. Akapunguza mwendo, kisha akazima mashine kabisa. Alidhani bosi amenituma nipunguze malipo yake, na alikuwa na haki ya kudhani hivyo, maana wenzake waliwahi kupimwa na wiki iliyofuata bei ya kipande ikashushwa. Nikamwomba radhi. Nikamwonyesha daftari: hakuna jina la mtu, kuna jina la kazi tu. Tunapima kazi, hatumpimi mtu. Mwambie hivyo, kisha uishi hivyo.

Hatua ya 2: Gawa kazi katika vituo

Dawati lilipita vituo vitano: kukata skwea paipu, kuchomelea fremu, kupiga grainda, kupaka rangi, kufunga mbao kwa bolti. Kwa kila kituo andika kazi inaanza lini hasa na inaisha lini. Mimi niliamua kuchomelea kunaanza fundi anaposhika paipu ya kwanza na kunaisha anapoweka fremu chini. Usipoweka mipaka hiyo, vipimo vya leo na vya kesho havitalingana.

Hatua ya 3: Pima mara 10 kila kituo

Usipime mara moja ukaridhika. Umeme ukikatika au fundi akiitwa, weka alama pembeni na usikichanganye kipimo hicho na vingine.

Hatua ya 4: Tafuta muda sanifu (muda wa kazi kwa mwendo wa kawaida, pamoja na mapumziko madogo)

Wastani wa kuchomelea ulikuwa dakika 15. Fundi alikuwa anakwenda taratibu kidogo kuliko mwendo wa kawaida, nikaukadiria mwendo wake kuwa asilimia 95 ya ule wa kawaida: 15 × 0.95 = 14.25. Kisha unaongeza posho, yaani muda wa ziada wa uchovu, maji na haja za mwili. Nilitumia asilimia 12: 14.25 × 1.12 = 15.96, yaani dakika 16. Posho hii si hisani. Mtu anayeinama juu ya moto na moshi anachoka, na hesabu isiyokubali hivyo ni ya uongo.

Vituo vyote: kukata 7, kuchomelea 16, grainda 6, rangi 8, mbao 9. Jumla dakika 46.

Hatua ya 5: Tafuta takti

Takti ni neno la Kijerumani lenye maana ya mapigo, kama ya ngoma: kila pigo, dawati moja litoke. Siku ya saa 8 ina dakika 480. Toa chakula 45, chai 15, kupanga vifaa na usafi 20, zinabaki 400. Mteja anataka madawati 40 kwa siku. 400 ÷ 40 = dakika 10.

Hatua ya 6: Tazama kazi inapokwama

Kuchomelea kunakula dakika 16 wakati takti ni 10. Kwa hiyo karakana nzima inatoa 400 ÷ 16 = madawati 25, hata wengine wafanye haraka namna gani. Bosi alikuwa anamhimiza fundi wa rangi! Ufanisi wa laini ni jumla ya dakika za kazi, gawanya kwa idadi ya vituo mara dakika za kituo kirefu kuliko vyote: 46 ÷ (5 × 16), asilimia 57.5.

Wazo la kwanza la kila mtu ni kuajiri fundi wa pili. Subiri kwanza, rudi ukaangalie. Wajapani wana neno *muda*, na kwao maana yake ni upotevu. Fundi wetu alitumia karibu theluthi ya muda wake kupima pembe mraba, kugonga, kupima tena. Tukatengeneza jigi ya vipande vya chuma vya kubania paipu zikae sawa. Dakika 16 zikawa 11. Kisha kazi ya kushikiza pointi (kuchomelea nukta chache ili paipu zishikane kwanza), dakika 2, ikahamia kwa mkataji aliyekuwa anasubiri. Sasa kukata 9, kuchomelea 9, grainda 6, rangi 8, mbao 9. Watu wale wale watano, madawati 44. Ufanisi 41 ÷ 45, asilimia 91.

Ndiyo njia aliyopita Frank Gilbreth, Mmarekani aliyeanza kama fundi mwashi: aliyainua matofali kwenye jukwaa ili mwashi asiiname, na mijongeo ya kuweka tofali moja ikashuka kutoka 18 hadi 5 hivi. Hakumkimbiza mtu.

Maswali ya wanakikundi

*Kaka, nina D ya Hisabati na D ya Fizikia kidato cha nne. Naweza kusoma fani hii?*
Vyuo vingi vya ufundi hapa Tanzania hutaka ufaulu wa masomo manne, haya mawili yakiwemo, na D ni ufaulu. Unaanza ngazi ya 4 ya NTA (mfumo wa tuzo za ufundi za taifa), unapanda ya 5, unamaliza diploma ngazi ya 6. Soma sifa za chuo chenyewe kabla ya kulipa fomu. Hesabu zake ni kama hizo hapo juu, usiziogope.

*Kukausha rangi umekuweka wapi? Kwetu kunachukua saa 3.*
Swali zuri sana. Kukausha hakumshughulishi mtu, kwa hiyo hakuhesabiwi kwenye muda wa kituo unaolinganishwa na takti. Kunakula nafasi. Saa 3 ni dakika 180; kwa takti ya 10, fremu 18 zitakuwa zinakauka kwa wakati mmoja. Pima sakafu, uone kama zinaenea.

*Nitajuaje kama ni asilimia 95 au 105? Mimi mwanafunzi tu.*
Pima mafundi wawili au watatu wa kazi ile ile, ukae na msimamizi mkubaliane mwendo upi ni wa kawaida. Ukiwa na shaka, weka 100 na useme hivyo kwenye ripoti.

*Dada yangu yuko kiwanda cha kujaza mafuta ya alizeti, mashine ndiyo inaamua kasi. Apime nini?*
Apime mashine inaposimama: kubadili chupa, kusubiri lebo, kufungua pua iliyoziba. Aandike saa iliyosimama, saa iliyowaka na sababu, kwa wiki nzima. Kisha ajumlishe kwa kila sababu na kuanza na ile iliyokula dakika nyingi zaidi.