Namna ya Kutambua Hatari za Mtambo wa Kemikali na Kuzipanga kwa Uzito

Kazi hii huanzia kwenye mchoro wa mabomba. Kaeni watu wachache mezani: mhandisi, fundi wa matengenezo na, asikosekane kamwe, mwendeshaji wa zamu ya usiku, kwa kuwa ndiye anayejua vali ipi hukwama na king'ora kipi kilizimwa kwa kuwa kilikuwa kikipiga kelele ovyo. Pitieni bomba moja baada ya jingine mkiuliza maswali yaleyale: mtiririko ukikoma, ukizidi au ukirudi nyuma itakuwaje, joto au presha ikipanda je, na kisichotakiwa kikiingia? Swali la mwisho huwa linarukwa upesi, ilhali ndilo la kiwanda cha viuatilifu cha Bhopal, India, ambako usiku wa kuamkia tarehe 3 Desemba 1984 maji yaliingia katika tangi la methili isosayanati, kemikali yenye sumu kali, yakazua mmenyuko mkali, na takriban tani 40 za sumu zikawafikia watu waliokuwa wamelala.

Kila hatari iandikiwe kinga zake, kisha mtoke mkazikague kwa macho. Kwenye karatasi, Bhopal ilikuwa na kinga za kutosha. Usiku ule, mtambo wa kupoza tangi ulikuwa umezimwa kwa miezi kadhaa, bomba la kupeleka gesi kwenye mnara wa kuichomea lilikuwa limeondolewa kipande kwa matengenezo, na mtambo wa kusafisha gesi kwa magadi makali ulikuwa umewekwa tu katika hali ya kusubiri. Kinga isiyofanya kazi leo ihesabiwe kuwa haipo.

Hapo ndipo mnapotoa alama, 1 hadi 5 kwa madhara na 1 hadi 5 kwa uwezekano, na hapo ndipo wengi hukosea. Mfanyakazi kuteleza kwenye sakafu yenye mafuta ni madhara 2 mara uwezekano 4, yaani 8. Tangi la sumu kupasuka ni madhara 5 mara uwezekano 1, yaani 5. Ukifuata hesabu hiyo peke yake utanunua viatu visivyoteleza na kuliacha tangi, jambo ambalo mimi naliona ni kujidanganya kwa namba. Hatari zote zenye madhara 5 ziwe na orodha yake, na uwezekano wa 1 usikubaliwe mpaka mkaguzi athibitishe kwamba kinga zinafanya kazi.

Katika orodha hiyo, tangulizeni hatari inayoweza kupunguzwa kwa kupunguza kemikali yenyewe. Methili isosayanati haikuwa bidhaa ya kuuzwa. Ilikuwa kiungo cha katikati cha kutengenezea viuatilifu, na kuihifadhi kwa makumi ya tani kulikuwa kwa ajili ya urahisi wa uzalishaji.

Nakala ya orodha ibandikwe katika chumba cha udhibiti. Siku kinga yoyote inapofunguliwa kwa matengenezo, msimamizi wa zamu abadilishe alama ya hatari husika kwenye orodha kabla fundi hajashika spana.