Kuchora pamoja mchangani kabla maji hayajajaa
Katika pwani ya mashariki ya Unguja, kazi hii ifanyike siku za bamvua, mwezi uandamapo au uwapo mpevu, ambapo maji hupwa mbali karibu saa nne asubuhi na kuacha mchanga ukiwa mbichi na mgumu. Chomekeni kijiti katikati, fungeni kamba, kisha mmoja wenu azunguke akiburura kisigino ili duara litokee. Watoto ndio hodari zaidi hapa. Jazeni mstari kwa vifuu, makumbi na mwani uliotupwa na mawimbi, wala si ule uliofungwa kwenye kamba za wakulima. Mchanga mkavu, ukinyunyizwa juu ya ule mbichi, hutoa weupe unaoonekana kwa mbali. Maji yakianza kurudi, chukueni kamba tu.