Kamera kwenye kayaki ya tanga: ifunge tezi (nyuma), si omo (mbele)

Kamera isiyopenya maji si kamera inayoelea. Kamera nyingi za GoPro kuanzia HERO5 Black huhimili mita 10 bila kava, lakini ikidondoka mlango wa Kilindini ndiyo umeiaga. Ivishe boya dogo, kisha ifunge kwa kamba ya nailoni ya milimita 3 hadi kwenye kayaki yenyewe. Usiifunge kwenye kishikio, maana hicho ndicho hung'oka kwanza.

Kishikio cha kubandika kinafaa faibaglasi tu: futa kwa spiriti, bandika, acha saa 24. Kayaki nyingi za kukodisha ni za polietilini (aina ya plastiki), na gundi haiishiki hiyo, hata upige msasa vipi. Hapo toboa, tia bolti za chuma cha pua, washa ya raba juu, washa pana na nati ndani. (Ya kukodi usitoboe, bila shaka.)

Omo hulowa mno, hasa wakati wa kusi. Lenzi hubaki na matone. Weka tezi, juu ya fimbo ngumu ya sentimita 60 hadi 80. Fimbo inayopinda hutoa video ya kutia kichefuchefu. Kabla ya kushua, zungusha tanga pande zote mbili uone kama demani (kamba ya tanga) hainasi.

Ukitumia kava, lifungie nyumbani penye hewa kavu na pakiti ya silika jeli (ya kunyonya unyevu) ndani. Ukilifungia ufukweni, unyevu hugeuka ukungu kwenye kioo. Ukirudi, loweka kwenye maji baridi yasiyo na chumvi kabla ya kufungua kifuniko. Chembe moja ya mchanga kwenye raba yatosha kuvujisha.